Namba Nne Iliitika

3 Mei

Kwako Kiongozi,

Salamu sina. Nilizokuwa nazo zilikwisha mlimani, nilipokuwa nasalimiana na mawe kwa tumbo.

Simu yako sipokei, usijisumbue. Naandika kwa mkono, na Saa Mbovu amekubali kuwa tarishi, maana katika sisi wanne ni yeye peke yake anayeongea na kila mtu. Barua ikichelewa mlaumu yeye. Fundi saa gani huyu, tangu tumjue hajawahi kufika mahali kwa wakati!

Nimetoka hospitali juzi. Kifundo cha mguu wa kulia kina vyuma sita. Daktari anasema nitatembea, ila ngazi nisahau. Mimi, shemeji! Mimi ninayekula kwa kupanda mapaa ya watu. Nyundo yangu na mkanda wa misumari vimetundikwa ukutani mbele ya kitanda, na kila asubuhi nikifumbua macho ndivyo vya kwanza kunitazama.

Sasa tuje kwako. Siku ya safari ulitupanga mstari chini ya mlima kama watoto wa shule. Wewe moja, Saa Mbovu mbili, dada yangu, yaani mkeo, tatu, mimi nne. Ukatuapisha: ukungu ukishuka, kila robo saa Kiongozi anapuliza filimbi, kila mtu anaitika namba yake, na namba isipoitika wote mnakaa chini hapo hapo mpaka mwenyewe apatikane. Ulisema kwa ile sauti yako ya mahubiri, na mimi mjinga nikaamini. Ndiyo maana siku ya pili, nilipogundua mfuko wa vigingi vya hema nimeuacha tulipopumzika, nilirudi kuuchukua bila kumwambia mtu. Nilijua filimbi ikilia na nne isisikike, mtakaa.

Hamkukaa. Niliteleza kwenye mwamba, mguu ukalia ndani ya kiatu, na nyie mkaenda zenu. Nimelala mlimani peke yangu, mvua yote yangu, mpaka asubuhi mliponikuta.

Hukuhesabu. Ulikuwa na haraka ya kufika kambini. Kamati ya chama cha wapanda milima inakaa tarehe 30, na inataka maelezo yangu kwa maandishi kabla ya kuamua kama uendelee na kibali chako cha kuongoza watu. Nitawaandikia neno moja tu: hakuhesabu.

Shemeji yako, kwa bahati mbaya,
Fundi wa Paa


7 Mei

Shemeji,

Barua yako ya tarehe 3 nimeipata tarehe 6. Saa Mbovu ni yule yule.

Pole ya mguu nilikupa hospitalini ukageukia ukutani, kwa hiyo sitairudia.

Nilihesabu. Nina miaka kumi na miwili naongoza watu milimani. Nimeongoza wazee wenye fimbo, nimeongoza bibi harusi aliyetaka kupigwa picha kileleni na gauni lake, na sijapoteza hata kofia ya mtu. Saa tisa na robo nilipuliza filimbi: moja, mbili, tatu, nne. Saa tisa na nusu nikapuliza tena: moja, mbili, tatu, nne. Saa kumi kasorobo nne haikuitika, na tulikaa. Tuliita, tukarudi nyuma tukipapasa, ukungu umejaa hata ukinyoosha mkono huoni vidole. Dada yako aliita mpaka sauti ikamkauka. Wewe unaandika kama vile tulikuwa kambini tunapuliza chai.

Nne iliitika mara mbili, kwa sauti yako hiyo ya kukwaruza. Nimeisikia kwa masikio yangu haya. Sasa wewe uliyekuwa umerudi nyuma, uliitikaje? Au ulikuwa umejibanza mahali na sigara yako, ukaitika, ukaendelea kuvuta, ukaanguka baadaye? Dada yako ulimwahidi umeacha. Pua ninayo, shemeji.

Tuseme ukweli basi, maana umeuanza wewe. Ulikuja mlimani kushindana na mimi. Nilikuambia hema halifungwi kando ya kijito, ukasema, "Mimi nashinda juu ya kenchi za mapaa bila kamba, kijito kitanifanya nini?" Alfajiri maji yakakutoa mbio umeshika suruali mkononi, tukacheka. Hata dada yako alicheka. Hilo ndilo hujalimeza mpaka leo. Vigingi uliviacha kwa uzembe, ukaogopa tutakucheka tena, ukarudi kimya kimya. Mguu wako umevunjwa na kiburi chako.

Kibali hiki ndiyo kazi yangu, sijui kufanya nyingine. Ukipeleka uongo kwenye kamati nitasimama niwaulize swali langu mbele yako: aliyeitika nne ni nani?

Kiongozi


10 Mei

Bwana Mkubwa wa Milima,

Nne ni mimi, na mimi nakuambia sikuitika. Ulichosikia ni upepo. Au ni njaa. Mlimani hata mbuzi akikohoa, mtu anaapa ameitwa jina.

Sigara niliacha. Na pua yako ungeitumia kunusa njia, tusingezunguka kile kilima mara mbili siku ya kwanza huku unatuambia tunaangalia mandhari.

Unakumbuka hotuba yako ya kulala porini? "Ardhi tunaiacha kama tulivyoikuta." Ulituokotesha mpaka maganda ya mayai. Saa Mbovu alidondosha kijiti cha kuchokolea meno, ukamrudisha mteremko mzima akakifuate. Uchafu wote ulirudi mjini kwenye mfuko umefungwa vizuri. Kitu kimoja tu ulikisahau huko juu, nacho ni mimi.

Na hilo swali lako la nani aliitika, nakushauri ulimeze. Usilipeleke kwenye kamati wala usiliweke mezani kwako. Usimuulize dada yangu chochote! Siku nzima yuko pale mapokezi ya kliniki anaita namba za wagonjwa, halafu arudi nyumbani ahojiwe na wewe kama mwizi wa kuku? Mwache. Hii ni yangu na wewe.

Maelezo yangu kwa kamati yako tayari. Hakuhesabu.

Fundi wa Paa


13 Mei

Rafiki yangu,

Hii si barua ya Kiongozi, ni yangu mwenyewe kwako, Fundi wa Paa. Usiniulize kwa nini imechelewa. Duka lilikuwa na watu.

Nimechoka kuwa punda wenu. Nikifika kwako natukanwa kwa niaba yake, nikifika kwake natukanwa kwa niaba yako, na wote wawili mnanicheka kwa habari ya wakati. Haya. Kamati imeniandikia na mimi. Wanataka nilichosikia.

Nilisikia nne. Mara mbili. Nilikuwa mbele ya dada yako, kofia ya koti imenifunika mpaka machoni, natazama visigino vya Kiongozi tu nisipotee. Ya kwanza ilikuwa imenyooka. Ya pili ilitetemeka kidogo. Nilifikiri una baridi. Lakini nakwambia mapema: wakinibana nitasema sikumbuki. Mimi kazi yangu ni saa. Sitaki kuingizwa kati ya shemeji na shemeji nikasagwa.

Jambo moja tu, nalo sikulisema mimi. Nilipopeleka barua yako ya tarehe 10, dada yako ndiye aliyefungua mlango. Amekonda. Kwenye kochi la sebuleni kuna shuka na mto, na si vya mgeni.

Saa Mbovu (najua mnavyoniita)


17 Mei

Shemeji,

Umeshinda. Waandikie unachotaka.

Nimefikiri sana. Nilikuwa nimechoka, mvua ilikuwa kali, inawezekana hesabu niliiruka. Andika hivyo na mimi nitakubali mbele yao. Wanichukulie kibali, yaishe. Nina sharti moja tu: andika hivyo na uishie hapo. Habari ya sauti usiiguse, wala mambo ya nani aliitika. Barua zangu za nyuma zichome.

Usidhani nakuogopa. Na usidhani nimekuhurumia, maana bado nakuona mtu mbishi asiyefaa kupelekwa hata bustanini. Nafanya hivi kwa sababu ya nyumba yangu.

Kiongozi


19 Mei

Wewe,

Juzi juzi tu ulihesabu kwa dakika, saa tisa na robo, saa tisa na nusu, kasorobo. Leo "inawezekana niliiruka". Nani kakubadilisha dini?

Nakujua. Hicho kibali umekitia fremu ukakitundika juu ya televisheni, mahali ambapo watu wenye akili wanaweka picha ya harusi. Dada yangu aliniambia unakifuta vumbi kila Ijumaa. Mtu wa namna hiyo haachii kibali chake kwa ajili ya mvua. Unajua kitu. Na kwa jinsi unavyonikataza kugusa habari ya sauti, nadhani tunajua kitu kimoja.

Basi iwe hivyo. Mimi nitasema hukuhesabu, wewe utasema ndiyo sikuhesabu, na tutachukiana hadharani kama tulivyozoea. Kwa hilo sitahitaji kuigiza hata kidogo. Wewe umenichukulia mguu na mimi nakuchukulia kibali.

Barua nimezichoma. Yako hii hapa ya mwisho inasubiri jiko liwake.

Fundi wa Paa


24 Mei

Kwa mume wangu na kwa mdogo wangu,

Nawaandikia barua moja kwa sababu nyinyi ni wapumbavu wa aina moja. Nimeiandika mara mbili, kila mtu na nakala yake, asiseme hakuisoma.

Saa Mbovu alikuja jana mchana na barua ya tarehe 19. Siku nne kutoka mtaa wa pili! Mume wangu hakuwepo. Nikaifungua. Ndiyo, niliifungua, na msinifundishe adabu. Halafu nikatafuta zile nyingine. Wewe, mdogo wangu Chura, ulichoma zako, lakini huyu hachomi kitu, zote ziko ndani ya kiatu chake cha mlimani, zimekunjwa. Nimezisoma nimekaa chini ukumbini kati ya viatu na kamba.

"Usimuulize dada yangu." "Nadhani tunajua kitu kimoja." Nani aliwatuma? Mmekaa wanaume wawili mnagawana uongo juu ya kichwa changu kama mafundi wanaogawana bati, huku kipande na huku kipande, na mimi mwenye kichwa sijaulizwa. Mnajiona mmenilinda! Wiki tatu nalala kwenye kochi kwa sababu siwezi kulala kitandani na mtu ninayemficha kitu, kumbe na yeye anajua, anageukia ukutani na kukoroma kwa kujilazimisha.

Sasa nisikilizeni.

Nne nilikuwa mimi. Mara zote mbili.

Chura, tulipokuwa wadogo, mama akiwa jikoni alikuwa akiita kila dakika, "Mko wote? Mnasoma?" Nawe umeshatoka dirishani zamani, uko uwanjani na mpira. Mimi naitika kwa sauti yangu, "Tupo, mama," halafu nakwaruza koo naitika kwa sauti yako. Mama alikufa bila kujua. Mlimani siku ya kwanza uliniomba kwa jicho tu. Ulijificha nyuma ya mwamba na sigara, filimbi ikalia, nikaitika nne, na ulipotufikia tulicheka mpaka nikashika mbavu. Siku ya pili hukuniomba. Niligeuka sikukuona, nikajua umejificha tena kuvuta, na sikutaka mgombane. Tangu asubuhi mlikuwa mnatupiana maneno na mimi katikati. Nikaitika nne nipate robo saa ya amani.

Filimbi ya pili ilipolia ulikuwa hujaja. Nikaogopa. Nilitakiwa kukaa kimya, basi. Lakini nikikaa kimya ingebidi niseme na ile ya kwanza ilikuwa yangu. Nikaitika tena. Hiyo ndiyo siku yangu mbaya kuliko zote, wala si ile asubuhi tulipokukuta umekuwa wa kijivu. Ya tatu sauti haikutoka kabisa.

Na wewe, mume wangu, usijifanye shujaa. Nilipoitika nne ya kwanza uligeuza kichwa kidogo, nikaiona kofia yako. Halafu ukaongeza mwendo. Mwendo ukawa wa kukimbia, Saa Mbovu akalalamika. Miaka tisa tunaishi nyumba moja, ukinisikia ninapiga chafya sokoni unajua ni mimi. Uliijua sauti yangu. Ulijua Chura hayupo. Ukaamua abaki nyuma akimbie, ajifunze. Sema si kweli!

Nimepeleka maelezo yangu kwa kamati leo asubuhi, nimemkabidhi katibu mkononi, nimesubiri agonge muhuri. Nimeandika ile nne niliyoitika mimi, na mwendo aliouongeza yeye. Nimeandika na habari ya mtu aliyeondoka mstarini bila kusema. Kama mtu ana uongo wake wa kupeleka, atagongana na maelezo yangu mlangoni.

Mimi nimehama. Nipo kwa mwenzangu wa kazini, msinifuate. Naita namba za watu siku nzima, mtu asipoitika naita tena, asipoitika naruka naenda kwa mwingine, na hakuna anayekufa kwa kurukwa. Nyinyi wawili ndio pekee ambao sikuwahi kuwaruka. Huyu akinuna naeleza kwa watu kwamba amechoka, na yule akikosa naomba msamaha badala yake. Imetosha. Kuanzia leo kila mtu aitike mwenyewe.

Dada ya mmoja, mke wa mwingine


31 Mei

Shemeji,

Kamati ilikaa jana. Wamechukua kibali kwa miaka miwili. Nilikuona umekaa nyuma na magongo yako, na niliona umechana maelezo yako na kuyatia mfukoni. Sikushukuru. Yangekuwa ya uongo.

Waliniuliza kama niliijua sauti. Nikasema ndiyo. Uliyasikia, lakini nataka uyapate na kwa maandishi, maana umependa maandishi. Niliijua kabla hajamaliza kuitamka. Nikasema moyoni, jamaa amekaa nyuma anavuta, acha akimbie na mapafu yake hayo. Nilifurahi, shemeji. Nilitembea robo saa nzima nimefurahi, napiga picha kichwani unavyohema. Sheria niliyowaapisha watu kwa mamia niliivunja kwa ajili ya kukukomoa. Mambo ya kijito, na jinsi ulivyonijibu mbele ya mke wangu.

Fremu nimeishusha. Ukutani limebaki doa jeupe.

Usije kunipa mkono. Bado sikupendi, na wewe hunipendi, na sidhani mguu wako utatupatanisha. Ila nilikuambia umevunjwa na kiburi chako. Hiyo nairudisha. Kiburi kilikuwa cha wawili.

Kama unajua aliko, usiniambie. Mwambie tu kwamba mto wake nimeurudisha kitandani, na kwenye kochi nalala mimi.

Mume wa dada yako


3 Juni

Dada,

Nimempa Saa Mbovu barua hii nikamwambia ni ya wiki ijayo, labda ataifikisha leo.

Nimekaa siku kumi na barua yako. Nimeikasirikia kwanza, ujue. Kuniita mpumbavu sawa, lakini sigara mbele ya kamati! Mzee mmoja pale mbele aliniangalia kama mwizi. Mumeo ameniandikia pia. Barua yake mbaya kama kawaida yake, lakini safari hii haina uongo. Anasema analala kwenye kochi. Nimekufikishia kwa sababu ameomba, sijamtetea, na usinihesabie kwamba nimemtetea.

Sasa langu, maana kila mtu ametoa lake na mimi bado.

Uliandika kwamba siku ya pili sikukuomba. Kweli. Lakini nilikusikia. Filimbi ya kwanza ilipolia nilikuwa nimeshaanguka, sijafika mbali, na njia yenu ilizunguka, mkawa mnanipita juu yangu kwenye ule ukungu. Nilifungua mdomo nipige kelele, na hapo hapo nikasikia sauti yangu mwenyewe inaitika nne. Nikafunga mdomo. Najua utasema ni wazimu. Nilijiambia, nikipiga kelele sasa hivi, dada ataumbuka mbele ya mumewe. Ngoja wamalize hesabu, nitaita polepole, atanisikia yeye. Nikangoja. Upepo ukageuka. Ya pili ilipolia nilipiga kelele mpaka koo likachubuka, na kwa mbali nikasikia nne tena.

Usiku ule wote nilikuwa na hasira na mtu mmoja tu, na sikutaka awe wewe. Kwa hiyo nikamchagua yeye. Ilikuwa rahisi, nilikuwa na mazoezi ya miaka tisa. Hata kama mguu ungekuwa mzima ningemchagua yeye.

Mama aliuliza kila siku kama tupo, na mimi sikuwepo hata mara moja. Nilikuacha peke yako mle chumbani unakwaruza koo. Nilifikiri huo ulikuwa mchezo wetu wa wawili. Samahani, dada. Sikuwahi kukuuliza kama wewe ulitaka kutoka.

Jumatano nina miadi ya mguu hapo kliniki kwenu, saa nne asubuhi. Nitakuja na magongo, nitachukua namba kama watu wengine, nitakaa kwenye benchi. Sitakuja mezani kwako, wala sitakusemesha. Ukitaka usiniangalie. Utaniita tu namba yangu, yoyote itakayokuwa, na nitaitika mwenyewe.

Chura